Nani anamlipa mtunzaji? Tujadili fedha za kuziweka hai programu huria

#1 MsomaMiamala (mleta mada)

Wakuu, salaam. Uzi ni mrefu, nawaomba mnivumilie. Nazungumzia programu huria, zile ambazo msimbo wake (maandishi yanayoiunda programu) uko wazi na mtu yeyote anaruhusiwa kuutumia na kuurekebisha, na watu wanaozitunza. Jambo hili nimekaa nalo moyoni muda mwingi.

Nianze na kisa ambacho baadhi yenu mnakijua. Ijumaa Kuu ya mwaka 2024, tarehe 29 Machi, mhandisi wa Microsoft aitwaye Andres Freund alitoa taarifa iliyowakosesha usingizi watu wa seva dunia nzima. Alikuwa anapima kasi ya PostgreSQL, programu ya hifadhidata, kwenye mashine yake, akaona kuingia kwa SSH (njia ya kuingia kwenye kompyuta ukiwa mbali) kunachelewa kama nusu sekunde. Wengi wetu tungelaumu mtandao tukaendelea na kazi. Yeye alifuatilia mpaka akafika kwenye xz, programu ndogo ya kubana mafaili ambayo imo karibu kila penye Linux, mfumo unaoendesha seva nyingi. Ndani ya matoleo 5.6.0 na 5.6.1 kulikuwa na mlango wa siri. Matoleo hayo yangefika kwenye seva za kawaida, aliyeuweka angeingia atakako.

Aliuwekaje? Hakuvunja kitu. Aliomba kusaidia. xz ilitunzwa miaka mingi na mtu mmoja wa Finland, Lasse Collin, kwa kujitolea. Mwaka 2022 watu wasiojulikana walianza kumsonga kwa barua pepe: mbona matoleo yanachelewa, mbona humpi mwingine kazi kama umeshindwa. Akawajibu kwa upole kwamba hamu hajaipoteza, ila uwezo wake umepungua kwa sababu ya matatizo ya muda mrefu ya afya ya akili, na akawakumbusha kuwa ile ni kazi ya hiari isiyo na malipo. Pembeni yake alikuwepo aliyejiita Jia Tan, mchapakazi, mwenye adabu, analeta marekebisho mazuri. Akapewa funguo. Ilimchukua zaidi ya miaka miwili kujenga imani hiyo.

Kila nikirudia kisa hiki namwona mtu aliyechoka. Usalama wa seva za benki, hospitali na serikali ulikuwa umeegemea uchovu wa mtu mmoja, na mwizi ndiye aliyeuona uchovu huo kabla ya wengine wote.

Kazi yangu mimi ni ndogo kuliko hiyo, lakini naijua ladha yake. Mwaka 2018 niliandika maktaba (kipande cha programu ambacho programu nyingine hukitumia) ya kusoma SMS za miamala ya simu na kuzipanga kwenye daftari, ili mama yangu na wenzake wa VICOBA wasikeshe wakinakili namba kwa kalamu. Nikaiweka wazi kwa leseni huria. Sasa inatumiwa na vikundi vingi, SACCOS kadhaa, na kampuni mbili tatu zinazouza mifumo ya hesabu. Kuiandika kulinichukua wiki tatu. Kuitunza hakujaisha hadi leo. Mtandao wa simu ukihamisha salio kutoka mwisho wa ujumbe kwenda katikati, maktaba inalisoma salio kama kiasi kilichotumwa. Julai 2021 serikali ilipoleta tozo ya miamala ya simu, ujumbe ukaongezeka mstari wa tozo, na mimi nikawa narekebisha mtandao mmoja usiku, asubuhi naamka wa pili umebadilika.

Mwaka juzi niko wodini, mwanangu ana malaria kali, simu ikaita. Kampuni moja, siitaji. "Mfumo wako umeharibu hesabu za wateja wetu." Sijawahi kusaini nao mkataba wala kupokea shilingi yao. Nilifungua kompyuta pale pale kwenye benchi nikarekebisha, kwa sababu nilijua mwisho wa mnyororo wapo kina mama wanaogawana faida mwezi Desemba.

Hoja yangu ni hii. Fedha za kuandika kitu kipya zinatafutika: mashindano ya ubunifu yapo, ruzuku zipo. Fedha za kukiangalia kitu hicho mwaka wa saba hazina fungu kwenye bajeti ya mtu yeyote. Na programu haifi kwa kukosa msimbo mpya, inakufa siku mtu wa kuiangalia anapoondoka. Naomba tujadili: nani amlipe, kwa njia gani, na wapi imewahi kufanikiwa?

Nawasilisha.

#2 Kijana wa Sinza

Mkuu pole na mtoto, natumaini alipona.

Nauliza bila ubaya wowote. Leseni uliyoweka si inasema mtu yeyote atumie bila kulipa, na wewe hutoi dhamana? Wao wamefuata maandishi yako. Na kama kampuni kubwa zinategemea vitu hivi kiasi hicho, kwa nini zisilipe zenyewe, kwa faida yao? Ningetegemea mwenye mali mezani ndiye awe wa kwanza kununua kufuli.

#3 MsomaMiamala

Alipona kabisa, ahsante. Yuko darasa la pili sasa.

Kuhusu leseni uko sahihi, na uhuru nilioutoa siurudishi. Simdai mtu ada ya kutumia kilichokwisha kuandikwa. Nazungumzia kazi ya kesho, ambayo bado haijafanywa na ambayo wao tayari wanaihesabu kuwa ipo.

Kuhusu kampuni kununua kufuli: zinanunua, ila baada ya mwizi kupita. Tazama OpenSSL, ile inayolinda mawasiliano kati ya kivinjari chako na benki. Aprili 2014 ikafichuka kasoro ya Heartbleed. Ilikuwa imekaa humo tangu toleo la Machi 2012, miaka miwili, mtu akiwa mbali anaweza kuchota kumbukumbu za seva, nywila na funguo zikiwemo. Steve Marquess, aliyesimamia mfuko wao, alieleza wakati ule kwamba michango ya kawaida waliyokuwa wakipata ilikuwa kama dola 2,000 kwa mwaka, na mtu aliyekuwa akifanya kazi ile muda wote ni mmoja. Dola 2,000 kwa mwaka, wakati mitandao mikubwa kabisa ya biashara duniani inapita hapo.

Ndani ya mwezi ule ule Linux Foundation, shirika linalosimamia miradi ya programu huria, ikazikusanya kampuni 13, zikiwemo Google, Microsoft, Amazon, Intel na IBM, kila moja ikaahidi angalau dola 100,000 kwa mwaka kwa miaka mitatu. Kwa hiyo fedha zilikuwepo siku zote. Kilichokosekana ni hofu. Kisha Desemba 2021 ikaja Log4j, chombo cha kuandika kumbukumbu za mifumo ya Java, kasoro mbaya kuliko nyingi tulizowahi kuona, na waliokesha kuiziba walikuwa watu wa kujitolea wenye ajira zao kwingine. Miaka saba imepita katikati, na tumerudi pale pale.

#4 Mwanaeldoret

Habarini ndugu zangu. Nawaandikia kutoka Eldoret, na uzi huu umenigusa mahali penye kidonda.

Pengine wengi hamjui kwamba moja ya programu huria kubwa za afya duniani ina mizizi huku kwetu. Mwaka 2001 kituo cha afya cha Mosoriot kilianza kuweka rekodi za wagonjwa kwenye kompyuta, kwa Microsoft Access, programu ndogo ya hifadhidata. Kliniki za Ukimwi za AMPATH, ushirikiano wa Chuo Kikuu cha Moi, hospitali ya rufaa ya Moi na Chuo Kikuu cha Indiana, zilipokua, ule mfumo mdogo ukazidiwa. Mwaka 2004 ikazaliwa OpenMRS, na 2006 ikaanza kutumika hapa Eldoret, na mwaka ule ule Rwanda. Baadaye Kenya ikajenga juu yake KenyaEMR, mfumo wake wa rekodi za wagonjwa.

Mimi nilikuwa mmoja wa watu wa kusimamia mfumo katika vituo vya afya. Kazi yangu haikuwa ya kuandika programu kubwa. Nilihakikisha nakala za akiba zinachukuliwa, toleo jipya linawekwa bila kupoteza data, muuguzi mpya anafundishwa, kompyuta iliyopigwa na umeme inarudi. Mshahara ulitoka kwenye fedha za msaada wa Marekani kupitia shirika ambalo silitaji.

Tarehe 20 Januari 2025 likatoka agizo la Washington la kusimamisha misaada ya nje kwa siku 90. Siku chache baadaye tukapata barua ya kusitisha kazi, na mimi sikurudi tena kwenye ile ofisi. Sasa nisikilizeni vizuri, kwa sababu hapa ndipo ninapotaka kumuunga mkono mleta mada. Leseni ilifanya kazi yake: hakuna aliyetunyang'anya msimbo, kila mstari uko pale, mtu yeyote aweza kuupakua usiku huu. Lakini muuguzi mmoja alinipigia simu nikiwa shambani kwa wazazi. Foleni imefika getini na mfumo haufunguki, wanatoa faili za karatasi stoo. Nilipanda matatu nikaenda. Ilikuwa diski imejaa tu. Dakika ishirini nikamaliza. Ni nani mwingine angejua, ikiwa sisi sote tulitumwa nyumbani siku moja?

OpenMRS haikufa, ina jumuiya nchi nyingi. Kilichokatika ni maarifa ya mahali, yaliyokuwa vichwani mwetu.

#5 Dada Takwimu

Mwanaeldoret, pole sana kaka. Nimesoma maneno yako mara mbili.

Mimi niko upande wa takwimu za afya Tanzania, kwa hiyo nitasema ninaloliona kwenye DHIS2, mfumo unaokusanya ripoti za kila mwezi za vituo vya afya. Unatumika katika nchi zaidi ya 70. Kenya iliuweka kitaifa mwaka 2011, na sisi tunautumia. Ulianzia Afrika Kusini baada ya uchaguzi wa 1994, watu wakitaka kuunganisha takwimu za afya zilizokuwa zimegawanywa kwa rangi ya ngozi, na msimamizi wake ni Chuo Kikuu cha Oslo.

Kwa nini umedumu miaka yote hiyo wakati mifumo mingine ya wafadhili huzikwa pamoja na mradi wake? Nimelifikiria sana. Jibu langu: umebebwa na chuo, na chuo hakina tarehe ya kufunga mradi. Fedha zinatoka kwa wengi, Norad, shirika la misaada la Norway, ikiwa mhimili wa muda mrefu, na wengine kama Global Fund (wa Ukimwi, kifua kikuu na malaria) na Gavi (wa chanjo). Lakini la maana zaidi, Oslo walisomesha watu. Walimu wetu wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam walikwenda kule kufanya shahada za uzamivu, utafiti wao ukiwa ni vituo vyetu vya afya, wakarudi, wakaunda kikundi pale chuoni kinachosaidia wizara mpaka leo. Mtu akistaafu kuna mwanafunzi wake. Hiyo nayo ni namna ya kugharamia utunzaji, hata kama kwenye vitabu vya hesabu imeandikwa elimu.

Niseme na ubaya wake, nisije nikaonekana napamba. Kila fedha huja na jina lake. Mfadhili wa Ukimwi anataka ripoti ya Ukimwi, wa chanjo anataka ya chanjo. Ukurasa wa kuingiza data ambao mhudumu wa zahanati anauhangaikia kila mwezi, kwa intaneti inayokatika, hauna ugonjwa wake, kwa hiyo unasubiri.

#6 Nyundo

Mimi naona mnazunguka. Dawa iko kwenye leseni. Bure kwa vikundi na wanafunzi, kampuni zilipe. Kampuni za programu zimebadili leseni: MongoDB 2018, Elastic 2021, HashiCorp 2023, Redis Machi 2024. Wote walichoka kuona watu wa mawingu, kampuni zinazokodisha seva mtandaoni, wanauza jasho lao. Mleta mada, badilisha leseni kesho asubuhi uone kama hawatakutafuta.

#7 MsomaMiamala

Mkuu Nyundo, hasira yako naielewa, mwenyewe nilifika hapo. Rasimu ya leseni mpya ninayo hadi leo.

Lakini fuata hadithi hizo hadi mwisho. Redis walipofunga leseni, haikupita hata mwezi wachangiaji wa nje wakachukua msimbo wa zamani wakaanzisha Valkey chini ya Linux Foundation. Terraform, programu ya HashiCorp, ikazaa OpenTofu namna hiyo hiyo. Elastic wakarejesha leseni huria 2024, Redis nao Mei 2025, wote kwa AGPL, aina mojawapo ya leseni huria. Walirudi, ila wachangiaji waliohama hawakurudi nao.

Na hizo ni kampuni zenye wanasheria na wawekezaji. Mimi nikifunga, yule wa SACCOS ya Mbeya atabaki na toleo la zamani lisilosoma tozo, na hatajua kwa nini hesabu hazikubali. Zaidi ya hapo, watu 14 wameniletea marekebisho kwa miaka hii wakiamini kazi ni ya wote. Siwezi kuuza mikono yao bila kuwauliza.

#8 Mwalimu wa Kompyuta

Vijana wangu, nimefurahi kuona mjadala wa namna hii kwa Kiswahili. Ngoja niwape habari ya zamani kidogo.

Desemba 2004 pale Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ilitolewa Jambo OpenOffice, kazi ya mradi wa Kilinux. Ilikuwa programu nzima ya ofisi, barua, majedwali, mawasilisho, kwa Kiswahili. Nilikuwa nafundisha sekondari Morogoro, nikaiweka kwenye kompyuta sita tulizokuwa nazo. Siwezi kuwaeleza furaha ya kumwona mtoto wa kidato cha kwanza anasoma menyu bila kuniuliza maana ya neno. Tulibishana hata na baadhi ya istilahi zao, na kule kubishana kwenyewe kulikuwa somo la Kiswahili.

Kilichofuata mnaweza kukibashiri. OpenOffice ikatoa toleo jipya, likaja jingine. Kila toleo lina maneno mapya mamia ya kutafsiri, na mengine ya zamani yamebadilishwa. Mwaka 2010 wachangiaji wengi wakahamia LibreOffice, tawi lililotoka humo humo OpenOffice. Kompyuta zetu zilipofika mwisho wa maisha yake, mpya zikaja na Kiingereza, na Jambo ikabaki kwenye sidii niliyonayo kabatini. Waliotafsiri walifanya kazi kubwa na nawaheshimu mno. Ila tulitafsiri mara moja kitu ambacho kinahitaji kutafsiriwa kila mwaka.

Tungekuwa na watu wawili tu wanaolipwa, wawili, kukaa na tafsiri ile tangu 2004 hadi leo, fikirini mtoto wa Morogoro angekuwa anatumia nini. Lugha yenye mamilioni ya wasemaji kiasi hiki ilishindwa kuwapata hao wawili. Hilo huniuma.

#9 Mswahili Berlin

Shikamoo Mwalimu. Umenikumbusha mbali.

Niongeze linalofanyika huku niliko. Mwaka 2022 serikali ya Ujerumani ilianzisha mfuko uitwao Sovereign Tech Fund, fedha wakati ule zikitoka wizara ya uchumi, kwa ajili ya programu huria za msingi. Kilichonivutia ni kwamba wanalipa matengenezo: kupima, kuziba kasoro, kuandika maelezo, kupunguza deni la kazi mbovu za zamani. Hawasubiri uwaletee kitu cha kung'aa cha kukata utepe. GNOME, wanaotengeneza sura ya skrini ya kompyuta za Linux, walipewa euro milioni moja mwaka 2023, na curl, chombo cha kuhamisha data mtandaoni, nayo imewahi kupata. Hoja yao ni kwamba barabara na madaraja serikali inayatengeneza, na hizi nazo zinapitisha uchumi.

Walikuwa na somo nyumbani. Werner Koch, Mjerumani anayetunza GnuPG tangu 1997, chombo cha kusimba barua pepe (kuzifunga zisisomwe na wengine) ambacho waandishi wa habari na wanaharakati wengi waliweka maisha yao juu yake, alikaribia kukata tamaa kwa kukosa fedha. Februari 2015 habari zake zikaandikwa Marekani, na mara moja michango ikamiminika, Facebook na Stripe wakaahidi dola 50,000 kila mwaka kila mmoja. Nilifurahi kwa ajili yake. Lakini nikajiuliza: na wale ambao mwandishi wa habari hajawagongea mlango?

Serikali zetu za Afrika Mashariki zinaweza hili kwa kiwango chao. Mifumo mingi ya umma imejengwa juu ya programu huria kama Linux, PostgreSQL na PHP. Asilimia moja tu ya kila zabuni ya mfumo ikaenda kwa wanaotunza vilivyomo ndani yake, wa kwetu wakiwa mbele, kina Mwanaeldoret wasingekuwa shambani.

#10 Kijana wa Sinza

Nimekaa kimya nikisoma, na nakiri nilikuwa naona nusu ya jambo. Mimi ni mtu wa katuni, natumia Blender kila siku, na sikuwahi kuuliza imefikaje kwangu. Leo nimefuatilia.

Blender ilikuwa mali ya kampuni ya Uholanzi iliyofungwa mwaka 2002. Muasisi wake, Ton Roosendaal, akakubaliana na wawekezaji kwamba wakipewa euro 100,000 wataiachia iwe huria. Akaomba watumiaji wachange. Wiki saba fedha zikatimia, Oktoba 2002 msimbo ukatoka. Wengine wangeishia hapo. Yeye akajenga mfuko wa kudumu, watu wanalipa kila mwezi, mtu mmoja mmoja kwa kiasi kidogo na makampuni kwa kikubwa, na fedha hizo zinaajiri wasanidi kabisa. Epic Games waliongeza dola milioni 1.2 mwaka 2019. Na Machi 2025 filamu ya katuni kutoka Latvia iliyotengenezwa kwa Blender ikachukua Oscar.

Ninavyoona mimi, siri yao ni kwamba watumiaji wanaiona kila siku, ipo usoni mwao. xz nani anaiona? Maktaba ya SMS ya mkuu hapa, mama wa VICOBA hajui hata kama ipo. Kwa hiyo mfuko wa michango unafaa kilicho mbele ya macho, na kilichofichika kinahitaji njia nyingine. Sijui kama nimekosea.

#11 Mhasibu wa Miradi

Hujakosea, mwanangu, umeingia penyewe. Nami nitoe la upande wangu, miaka kumi na tisa ya kuandika bajeti za miradi.

MsomaMiamala, umewahi kuiomba ile kampuni fedha? Kama uliomba, nadhani uliandika "tunaomba mchango". Mhasibu akipokea barua hiyo hana pa kuiweka. Mchango unahitaji idhini ya wakurugenzi, mkaguzi atauliza, na mwaka ukiwa mgumu ndio wa kwanza kufutwa. Sasa angalia jenereta la ofisi yao. Lina mkataba wa matengenezo, fundi anakuja kila baada ya miezi mitatu hata kama halijaharibika, na sijawahi kuona mkurugenzi anaubishia. Mchango hauna fungu, ankara ina fungu.

Kwa hiyo sajili jina la biashara BRELA (wakala wa usajili wa biashara), chukua TIN (namba ya mlipakodi), andika mkataba wa huduma wa mwaka mmoja. Ndani yake: mtandao wa simu ukibadilisha ujumbe, unarekebisha ndani ya siku mbili za kazi; wanaarifiwa kabla ya toleo jipya; wana namba ya kupiga saa za kazi, na usiku bei ni nyingine. Msimbo unabaki huria kwa wote. Wanachonunua ni wewe kuwepo. Watakata kodi ya zuio ya asilimia 5, usishtuke, ni kawaida. Na wape bei ya mwaka, usiwape ya saa. Ya saa itawafanya wakuite pale tu pameharibika.

Kwa ndugu wa miradi ya wafadhili, andiko lenu la miaka mitatu liwe na mstari wa mwaka wa nne: nani atabaki, analipwa na nani. Mfadhili akikataa mstari huo, mjue mapema kwamba mnajenga kitu cha miaka mitatu, na muwaambie wauguzi hivyo tangu siku ya kwanza.

#12 MsomaMiamala

Mama Mhasibu (kama nimekosea jinsia unisamehe), niliandika hivyo hivyo. "Tunaomba mchango." Walinijibu kwamba wataangalia mwakani.

Naona sasa hata Daniel Stenberg wa curl alipita njia hiyo. curl ameitunza tangu 1998, miaka mingi kwa saa za jioni baada ya ajira, na iko kwenye simu, magari na televisheni zetu. Tangu 2019 ameajiriwa na kampuni ya wolfSSL, ambao wanauza huduma ya msaada wa curl kwa makampuni, naye anaitunza mchana kweupe kama kazi. Nilijua habari hii, lakini nilidhani ni ya wenye majina makubwa.

Nimezungumza na mke wangu jana. Tumekubaliana: kampuni tatu, ankara tatu, mkataba mmoja. Hata mmoja akikubali, nitaacha kazi za Jumamosi za kutengeneza tovuti na siku hiyo itakuwa ya maktaba. VICOBA na SACCOS hawatalipa chochote.

#13 Mhasibu wa Miradi

Hujakosea, ni mama. Nitumie rasimu ya mkataba, nitaisoma bila malipo. Ya kwanza tu.

#14 Mwanaeldoret

Kaka MsomaMiamala, nimepakua maktaba yako jana usiku. Huku kwetu ujumbe wa M-Pesa una mpangilio mwingine na naona hujauweka. Nina muda sasa, na chama cha akiba cha mama yangu kina shida ile ile ya daftari. Naweza kuanza na huo, kisha nikabaki na wewe kwenye matengenezo, tugawane zamu. Najua baada ya kile kisa cha xz mtu anaweza kuogopa mgeni anayejitolea.

#15 MsomaMiamala

Karibu sana, kaka. Anza na ujumbe wa kupokea fedha, ndio rahisi. Wa kutoa kwa wakala uache mwisho. Weka mifano halisi kama kumi, ukishafuta majina na namba za watu. Nitakagua kila mstari kabla haujaingia, na wako ukishaingia wewe utakagua wangu.

Na jina lako litakuwemo kwenye mkataba. Fedha zikija, tunagawana kwa zamu.

#16 Mwanaeldoret

Kagua, kaka. Natuma kesho.